Siku ya Kupuliza

16 Juni, Jumatatu

Dada Doreen amenipa daftari hili nene. Kurasa za mbele niandike joto la chombo, asubuhi, mchana na jioni. Za nyuma hakusema kitu, kwa hiyo za nyuma ni zangu.

Jina langu Ngolo. Shule niliacha darasa la tano kule Meatu. Nilikuja huku kusini miaka mitatu iliyopita nikichunga ng'ombe wa mjomba. Mjomba akauza ng'ombe, akarudi kwetu, mimi nikabaki nikichimba visima na kupalilia ufuta wa watu. Mgongo umechoka. Mwezi uliopita nilibeba tofali za kibanda hiki mpaka juu ya kilima, na kilipokwisha Dada Doreen akauliza nani kati yetu anajua kusoma na kuandika. Nikanyoosha mkono. Namshukuru mwalimu wangu wa darasa la tatu, alikuwa na fimbo kali.

Tuko kata ya Mandawa, katikati ya mikorosho ya mzee Kipriani. Ndani ya kibanda kuna sanduku kubwa kama kabati la nguo. Dada Doreen anasomea fizikia chuo kikuu, na amenieleza mara mbili bila kuchoka. Kuna vitu vidogo kuliko vumbi vinashuka kutoka angani mchana na usiku, vinapita kwenye paa, kwenye mwili wangu, vinaingia ardhini, wala sisikii kitu. Chombo hiki kinavihesabu. Vibao vya umeme vilivyo ndani, ambavyo yeye anaviita bodi, viko nane, na vikifanya kazi vinachemka kama simu iliyoachwa juani. Bomba la maji haliwezi kupita humo, tone moja likidondoka kazi imekwisha. Kwa hiyo vinapozwa kwa upepo tu. Feni mbili zinavuta hewa ya nje kupitia kwenye chujio, zinaipuliza juu ya bodi, na hewa ya moto inatokea kwenye tundu la juu kwa nyuma. Penye chujio kuna kilango. Kikiwa wazi, hewa ya nje inaingia. Kikifungwa, hewa inazunguka humohumo ndani.

Joto libaki kati ya nyuzi thelathini na arobaini. Likicheza sana, chombo kinahesabu uongo. Likifika hamsini, kinajizima chenyewe.

Kwenye jalada kwa ndani ameniandikia masharti matatu. Safisha chujio kila Jumamosi. Usiingize maji kibandani. Wakati wa kupuliza, kilango kiwe kimefungwa.

17 Juni

Nimefuata sharti la tatu. Feni zinapuliza, kwa hiyo nimefunga kilango. Saa nane mchana joto likafika nyuzi 46. Nimekifungua, likashuka mpaka 36.

Nadhani alitaka kuandika "kiwe wazi". Wasomi nao hukosea. Sitamwambia. Amerudi chuoni jana ana mambo mengi, na mimi si mtu wa kumsahihisha dada aliyenipa kazi.

18 Juni

Asubuhi 31, mchana 36, jioni 34. Kilango wazi. Salama.

21 Juni

Nimesafisha chujio. Kazi yake ni nyepesi kuliko kuosha sufuria.

24 Juni

Leo mzee Kipriani amepanda kilimani. Shamba ni lake, kibanda amekikubali kwa sababu Dada Doreen alimwomba kwa adabu, lakini mimi hajanikubali. Mwaka juzi ng'ombe wa watu wa kwetu waliingia kwenye mahindi yake wakala robo tatu. Hawakuwa wa mjomba, ila mtu aliyeliwa mahindi hachagui Msukuma.

Alisimama mlangoni, akaniuliza, "Ng'ombe wako umewaficha wapi?"

Nikamwambia sina hata ndama. Akatazama sanduku linavyounguruma, akauliza kama linatengeneza barafu. Tangu leo jina la chombo ni Jokofu la Msukuma. Jioni mkewe, mama Dionisia, amenitumia bakuli la mbaazi. Sijui mumewe anajua. Nimekula zote nikafuta bakuli kwa kidole.

27 Juni

Mzee Kipriani amepita njia ya chini na kunipigia kelele kutoka kwenye mikorosho, "Msukuma, kesho tunapuliza. Na jokofu lako?"

Nikamjibu, "La kwangu linapuliza kila siku, mzee."

Amecheka mpaka akashika mti. Ni mara ya kwanza namwona akicheka. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

28 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nimeamshwa na mlio wa injini. Mzee amebeba mashine mgongoni, inatoa vumbi la njano kupitia kwenye bomba refu, na vumbi linapanda kwenye mikorosho na kutulia juu ya majani yenye umande. Shamba zima lilikuwa kama limefunikwa kwa ukungu wa njano, na jua likaingia humo. Nimesimama mlangoni nikitazama kama mtoto. Kwetu hakuna mikorosho. Mama Dionisia ameniambia ni salfa, dawa ya ukungu unaoua maua.

Asubuhi 30, mchana 35, jioni 33.

5 Julai

Wamepuliza tena jana. Kwenye chujio kuna vumbi la njano. Nimelikung'uta.

6 Julai

Nimeongea na Minza, mke wangu. Amesema mtoto anauliza kama hivyo vitu vya angani vinapita na kwenye paa letu. Nimemwambia vinapita kote, havichagui paa. Nimemwambia pia kazi hii ikidumu mpaka msimu ujao, nitawaita waje. Akasema atakausha michembe ya viazi vitamu ya kutosha safari.

9 Julai

Harufu ya kiberiti kibandani. Joto ni lilelile.

12 Julai

Taa moja kati ya nane imekuwa nyekundu. Sikugusa kitu. Nimempigia Dada Doreen, akaniuliza joto, nikamsomea ya wiki nzima. Akasema ni zuri, haelewi. Anakuja.

15 Julai

Naandika haya jioni, na nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Alifika na bodaboda kutoka Ruangwa mjini, akavua viatu, akafungua sanduku. Alipitisha kidole juu ya bodi ya kwanza, kidole kikatoka cha njano. Akatoa bodi ya tano, ile yenye taa nyekundu, akaniita nione. Miguu yake midogo ya kushikia umeme ilikuwa imegeuka myeusi kama jino bovu.

"Hii ni salfa," akasema. "Kaka Ngolo, wakati wa kupuliza ulifunga kilango?"

Nikamwambia, "Dada, feni zinapuliza saa zote. Nilifunga siku ya kwanza, joto likapanda, nikafungua."

Alinitazama. Akachukua daftari, akasoma jalada kwa ndani, kwa mwandiko wake mwenyewe. Halafu akageuza ndoo akaikalia. Nilidhani atanifukuza. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye salfa, uso ukawa na mistari ya njano.

"Mimi nimezaliwa Mtua, Nachingwea," akasema. "Nimelelewa chini ya mikorosho. Kwetu mtu akisema wanapuliza, hata mtoto anaanua nguo kwenye kamba. Sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo lina maana nyingine."

Nikaona nisiishie nusu. Nikamwambia kwamba siku ile nilidhani amekosea kuandika, nikanyamaza ili nisimwaibishe.

Akasema, "Ungeniaibisha ningekushukuru, kaka."

Neno hilo moja limeniingia kuliko kama angenifokea nusu saa.

Mchana alizungumza na mwalimu wake kwa simu, akiwa ametembea mbali nami. Aliporudi alinieleza. Hesabu yote tangu Juni imeharibika. Anataka siku sitini mfululizo ambazo chombo hakijazima hata mara moja. Bodi ya kubadilisha itafika mwisho wa mwezi, kwa hiyo zitaanza tarehe moja Agosti, zitakwisha tarehe 29 Septemba. Baada ya hapo mawingu yanaanza na paneli za sola zinazokipa chombo umeme hazitatosha. Hesabu ikikatika, chombo kitahamishiwa mkoa mwingine, mwaka wake wa masomo umepotea, na mimi narudi kwenye jembe.

"Na kama huniamini tena?" nikamwuliza.

"Nani mwingine ataniandikia joto mara tatu kila siku bila kuruka hata moja?" akasema. "Nimehesabu. Hujaruka."

16 Julai

Kabla hajaondoka tumekwenda pamoja kwa mzee Kipriani. Nilitegemea maneno. Alipoelezwa alishusha kichwa kwanza, ndipo akaniangalia.

"Nilikuambia kesho tunapuliza. Ukanijibu la kwako linapuliza kila siku. Nilidhani unanitania."

"Sikutania, mzee. Nilikuwa sijui."

Mama Dionisia akacheka mpaka akaweka chini ungo wa mbaazi. Akasema wanaume wawili wazima wameua jokofu kwa neno moja. Mzee naye akacheka, halafu akasema la maana. Salfa haiwezi kuacha kupulizwa, bila salfa hakuna korosho. Lakini atagonga mfuniko wa debe mara tatu kabla ya kuwasha injini, nami nifunge. Vumbi likitulia, saa tatu asubuhi, nifungue. Dada Doreen amekubali, kwa kuwa asubuhi ni baridi na chombo kinaweza kukaa na hewa yake ya ndani kwa saa hizo.

Kwenye jalada amekata "wakati wa kupuliza". Ameandika "wakati wa salfa".

1 Agosti, Ijumaa. Siku ya 1

Bodi mpya. Taa nane za kijani. 30, 35, 33.

2 Agosti. Siku ya 2

Debe mara tatu. Nimefunga. Saa tatu joto 39, nimefungua.

3 Agosti. Siku ya 3

Jumapili. Kimya.

8 Agosti. Siku ya 8

Mlio wa mashine umetoka ng'ambo ya bonde, na ng'ambo hawajui habari za debe. Nimekimbia kufunga kilango. Baadaye nimesikia kwamba mzee Kipriani alimwendea Bakary, mwenye shamba lile, kwa baiskeli yake mbovu, akamwambia kabla hajapuliza apige simu kwangu. Hakuniambia kwamba amekwenda. Nimeambiwa na mama Dionisia.

9 Agosti. Siku ya 9

Bakary amepiga simu. "Wewe ndiye mwenye jokofu? Nawasha."

15 Agosti. Siku ya 15

Salama.

20 Agosti. Siku ya 20

Mzee ameshikwa na mgongo, nimemwambia nimbebee mashine. Kwanza nimefunga kilango changu, halafu nikageuka mpulizaji. Ni nzito kama ndama mchanga, nayo inatetemesha meno. Nilichojifunza ni kimoja: kwa nyuma, karibu na mgongo, ina tundu la kuvutia hewa, na shati langu lilivutwa humo mpaka likang'ang'ania. Mzee alizima akalitoa. Akasema mashine inakula Wasukuma kwanza, ng'ombe wao baadaye.

Saa tatu nimefungua kilango. 38.

21 Agosti. Siku ya 21

Nimekohoa njano. Mama Dionisia amenipa maziwa, sijui ameyapata wapi. Ni mara ya kwanza kunywa maziwa tangu mjomba aondoke.

31 Agosti. Siku ya 31

Nilipokuja hapa nilisema watu wa huku wagumu. Nimesoma nyuma, niliandika hivyo kwa namna yangu tarehe 24 Juni. Naacha maneno yale yalivyo, lakini leo nisingeyaandika.

4 Septemba. Siku ya 35

Salfa imekwisha. Mzee ameitundika mashine kwenye dari la banda. Maua yamegeuka vikorosho vya kijani, vimejikunja kama sikio la mtoto.

10 Septemba. Siku ya 41

Joto la nje linapanda. 32, 39, 36.

16 Septemba. Siku ya 47

Feni moja imekufa saa saba mchana. Imelia kama chura, ikanyamaza. Moja iliyobaki inajitahidi. 41. Nimempigia Dada Doreen, ameagiza feni mbili Dar es Salaam. Mwenyewe yuko njiani kuja Nachingwea kuzipokea.

18 Septemba. Siku ya 49

33, 42, 38. Nimeezeka makuti juu ya bati ili jua lisipige. Imesaidia nyuzi moja.

20 Septemba. Siku ya 51

Dada amepiga simu. Feni zinafika Nachingwea na basi kesho mchana.

21 Septemba, Jumapili. Siku ya 52

Feni ya pili ilikufa saa nne na robo asubuhi.

Nilikuwa nje nachota maji. Kilichonishtua hakikuwa sauti, ilikuwa kukosekana kwa sauti. Nimeingia, joto 40. Nikampigia Dada, akasema basi halijafika, yeye atafika kwangu labda saa kumi. Akaniuliza linapanda kwa kasi gani. Nikatazama saa: nyuzi moja kila dakika kumi. Tulikuwa wote tunajua hesabu hiyo inaishia wapi. Akasema, "Fanya unaloweza, kaka. Na kila dakika tano andika joto. Nikijua lilikuwaje, naweza kuisahihisha hesabu. Kikizima, siwezi kitu."

Nimekimbia kwa mama Dionisia. Mzee alikuwa kanisani, yeye alibaki kwa sababu mguu unamsumbua. Amenipa ungo. Nimepepea mbele ya chujio kwa nguvu zangu zote, mkono mmoja ungo, mkono mwingine kalamu. 42. 43. 43. 44. Upepo wa ungo unagonga chujio na kurudi.

Saa tano na nusu mzee Kipriani alitokea akiwa na shati lake jeupe la kanisani, na mgongoni amebeba mashine ya kupulizia. Mkewe alimpokea njiani akamwambia. Akashika bomba, akalielekeza kwenye chujio.

Nikamzuia kwa mkono. "Mzee, humo kuna salfa."

"Niliiosha."

"Umeiosha kwa nje. Ndani ya bomba ipo. Tukipuliza tunaliua kabisa."

Alisimama, jasho likimshuka. Joto 46. Alisema basi nimwambie la kufanya, maana yeye ujuzi wake ni korosho. Hapo nikakumbuka shati langu.

Nikamwambia, "Tusipulize. Tuvute."

Nilieleza huku mikono imeanza kazi. Lile tundu lililokula shati langu tulifunge kwenye tundu la juu la chombo, nyuma, pale hewa ya moto inapotokea. Mashine ikae nje ya ukuta. Ikivuta, hewa safi itaingia yenyewe kupitia kwenye chujio, itapita juu ya bodi, itatoka, na salfa iliyomo itatupwa nje pamoja nayo. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ni heshima ambayo sikuwahi kupewa na mwajiri yeyote. Halafu akachana gunia la nailoni kwa meno.

Tulilishona kama soksi. Tyubu ya baiskeli yake tuliikata, tukafunga ncha moja kwenye mashine, nyingine kwenye tundu. 48. Injini ilikataa mara mbili, ikawaka mara ya tatu. Soksi ya gunia ikanywea ikashikana, hewa haikupita. 49. Mama Dionisia, aliyekuwa amekuja akichechemea, akavunja kikapu chake cha matete, akaingiza pete mbili za kikapu ndani ya soksi, ikasimama wazi.

49.

49.

48.

Niliona namba hiyo nikakaa chini. Mzee akaniuliza mbona nalia, nikamwambia moshi. Saa sita na nusu ilikuwa 44, saa saba 41, saa nane 39. Tulipokezana kushika mashine kwa kuwa mtetemo ulikuwa unalegeza tyubu. Petroli yake ya akiba ya msimu imekwisha yote. Nilipotaka kusema neno juu ya petroli alinikatiza.

"Salfa ilikuwa yangu," akasema.

Dada Doreen alifika saa kumi na dakika ishirini, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, feni mbili kwapani. Alitazama soksi ya gunia, pete za kikapu, shati la kanisani lililojaa mafuta. Alifunga feni, akaangalia kioo cha hesabu, akachukua daftari langu akasoma mistari ya dakika tano tano, na pale nilipoandika kwa mkono wa kushoto. Kisha akawaamkia wazee upya mmoja mmoja, kama ndiyo kwanza anafika, na kwa mama Dionisia akapiga magoti.

Taa nane za kijani. Hakijazima.

22 Septemba. Siku ya 53

31, 36, 34. Mikono haifungiki. Nashukuru.

25 Septemba. Siku ya 56

Korosho ya kwanza imedondoka. Mzee amenipa bibo lake nikala, maji yakanichirizika mpaka kwenye kiwiko.

28 Septemba. Siku ya 59

Salama.

29 Septemba, Jumatatu. Siku ya 60

Saa sita mchana Dada Doreen aliangalia kioo, akaangalia saa, akaniambia siku sitini zimetimia na hesabu ni nzima. Mwalimu wake amekubali chombo kibaki hapahapa, msimu wa mvua kikiwa kimezimwa na kulindwa, Juni kiwashwe tena, na mlinzi awe yuleyule. Aliniambia nizime mimi. Nikabonyeza.

Feni zilizunguka zikipungua, zikasimama. Miezi mitatu na nusu nimeishi ndani ya mlio ule, na ulipokatika nilisikia vitu nilivyokuwa nimevisahau: makuti juu ya bati, kuku wa mama Dionisia, pumzi ya Dada Doreen. Nilitoa simu nimpigie Minza, nimwambie akaushe ile michembe.

Kabla haijaita, tulisikia matawi yanavunjika chini ya kilima. Mzee Kipriani alikuwa anapanda mbio, kifua wazi, mashine ya kupulizia mgongoni, mkononi ameshika ile soksi ya gunia na pete zake. Nyuma kabisa mama Dionisia anachechemea na chupa ya petroli.

Alifika mlangoni hana pumzi ya kusema. Alitazama sanduku, akatazama taa zilizozimika, akanitazama mimi.

"Sikusikia mlio," akasema.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Tua mzigo, mzee. Leo hatupulizi."